Mbichi Ipi Tunayohimizwa Kula?

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi yangu, au senje kama tunavyomwita kwetu Kabras, hadi kwenye zahanati moja iliyo kando ya barabara kuu itokayo Kakamega ikapitia Malava kuelekea Webuye. Alikuwa anakwenda kupimwa shinikizo la damu. Tulipokuwa tumeketi kwenye benchi tukingoja zamu yetu, aliinua macho akaanza kusoma bango lililobandikwa ukutani. Senje husoma kwa sauti kila andishi linalopita mbele ya macho yake, hata yale yaliyo kwenye magunia ya mbolea. Bango lilisema hivi: "Kula matunda mabichi na mboga mbichi kila siku kwa afya bora."

Alilisoma mara mbili. Kisha akanigeukia na kuniuliza kama nakumbuka kiboko alichonichapa mwaka ule nilipokula mapera mabichi nikafunga choo siku tatu.

"Kumbe nilikuchapa kwa jambo ambalo leo linaandikwa ukutani?"

Benchi zima liliangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Lakini njiani kurudi nyumbani nilijikuta nikilitafakari swali hilo kwa uzito kuliko nilivyotarajia, kwani senje, asiyejua hata maana ya neno "isimu", alikuwa amegusa kwa sentensi moja jambo ambalo wanafunzi wangu wa mwaka wa pili hulihangaikia muhula mzima.

Neno -bichi, msomaji mpendwa, ni miongoni mwa maneno makongwe kabisa tuliyorithi. Waganda wana -bisi, nasi Waluhya tuna -bisi vilevile, jambo linaloonyesha kwamba mababu wa lugha hizi walikuwa nalo kabla hawajatawanyika. Tazama jinsi linavyotumika. Nyama mbichi haijapikwa. Embe bichi halijaiva. Kuni mbichi hazijakauka. Kidonda kibichi hakijapona. Kinachounganisha matumizi yote haya ni wazo moja tu: kitu hakijafikia ukomo wake, na moto, jua, upepo au muda bado una kazi ya kufanya juu yake. Kwa hiyo anayekiita kitu kibichi huwa, kwa kiasi fulani, anamwambia msikilizaji asubiri.

Sasa tazama upande wa pili. Tunasema ugali umeiva, maharagwe yameiva, na papo hapo tunasema pera limeiva. Kitenzi ni kilekile kimoja. Kwa Mswahili, jua na jiko hufanya kazi ya aina moja, na pera lililogeuka manjano mtini limekwisha kupikwa, halidai sufuria. Ndiyo maana msemaji yeyote wa Kiswahili, wa Kabras au wa Lamu, akisoma "matunda mabichi" huona mbele ya macho yake pera la kijani, gumu kama jiwe, lenye ukakasi wa kukaza ulimi. Aliyeandika bango lile alikuwa na maneno ya Kiingereza kichwani, akayahamisha moja baada ya jingine bila kuuliza yanatua wapi. Alikusudia kusema matunda yaliyoiva, yaliwe bila kupikwa. Alichosema ni kwamba watoto wa Kabras wafunge choo.

Huenda msomaji akadhani ninafanya mzaha, au kwamba ninaleta ukali wa darasani mahali pasipohitajika. La hasha. Nitaeleza ni kwa nini jambo hili si la maneno matupu.

Ushauri wenyewe uliofichika nyuma ya bango ni ushauri mzuri. Vitamini C, ambayo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea, huharibiwa na joto, huyeyukia majini, na hupungua kila jani linapokatwa na kuachwa wazi hewani. Mama anayekatakata sukuma wiki nyembamba kama nyuzi, kisha akaiosha baada ya kuikata, kisha akaichemsha na kumwaga maji, anakuwa amemwaga sehemu kubwa ya vitamini hiyo. Tunda lililoiva na kuliwa papo hapo halipitii mkasa huo. Tena tunda zima lina nyuzinyuzi ambazo huyapa matumbo kazi ya kawaida na kuizuia sukari isiingie damuni kwa kishindo, na lina potasiamu ambayo husaidia kuteremsha shinikizo la damu lililompeleka senje zahanati. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani pamoja na lile la Chakula na Kilimo yalipendekeza mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku, viazi na mihogo visihesabiwe.

Na pera, lile tulilolidharau, lina nini? Gramu 100 za pera lililoiva zina takriban miligramu 228 za vitamini C. Chungwa lina kama 53 tu. Mtu mzima hahitaji hata 100 kwa siku. Mtoto wa darasa la kwanza anayeokota pera moja la kadiri njiani akienda shule amemaliza haja yake ya siku nzima kabla kengele haijalia.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Nilikulia Kabras katika miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini, na ninaweza kuapa kwamba hatukuwa watu wa kula matunda. Ungeniuliza wakati huo tunakula nini nyumbani ningekujibu bila kusita: busuma, yaani ugali, pamoja na murere, tsisaka, lisutsa, miroo, likhubi, na siku ya bahati, kuku. Matunda yasingetajwa. Hata hivyo, kati ya nyumbani kwetu na shule ya msingi palikuwa na mipera isiyopungua thelathini iliyojiotea kwenye mipaka ya mashamba kwa kazi ya ndege, na mizambarau miwili, na mforosadi mmoja wa jirani aliyekuwa na mbwa. Mtoni palikuwa na mkuyu. Tulipochunga ng'ombe tulichuma zile tunda ndogo za mnavu zilizokwisha kugeuka rangi, tukang'oa karoti na kuzipangusa kwenye kaptura, tukachimba viazi vitamu na kuvitafuna vingali na udongo pembeni. Tulikuwa tukila tangu asubuhi hadi jioni. Kisha tulifika nyumbani tukalia kwamba hatujala chochote tangu uji wa asubuhi, na hakuna aliyetuona waongo, kwa sababu katika lugha yetu kula ni kula busuma. Kile kingine kilikuwa kutafuna, kuokota, kuchuma, kuiba. Hakikuwa kula.

Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu visababishi vya magonjwa yasiyoambukiza, ilibainika kwamba asilimia 94 ya Wakenya watu wazima hawafikishi vipimo vitano vya matunda na mboga kwa siku. Siitilii shaka takwimu hiyo. Ninachosema ni kwamba kama mdadisi angekuja kwetu mwaka 1988 na karatasi yake akamwuliza mama yangu watoto hula matunda mangapi, mama angejibu "hawali", naye angeandika sifuri. Na jioni hiyohiyo vinywa vyetu vilikuwa vyeusi kwa zambarau.

Kitu kisichokuwa na jina la chakula hakiombolezwi kinapotoweka. Kiwanda cha sukari cha West Kenya kilianza kusaga miwa Kabras mwaka 1981, na cha Butali kikafuata mwaka 2011. Siuchukii muwa, karo yangu ya shule ya upili ilitoka humo, na ningekuwa mnafiki kuusimanga leo. Lakini muwa hupenda uwanja mpana usiokatizwa, ambamo trekta hugeuka bila kukwama. Kwenye shamba letu mipera ya mpakani ilikwenda kwanza, kisha mkuyu, halafu kile kipande cha karibu na jiko alikopanda mama mboga. Hakuna aliyesema tunakata chakula. Tulisema tunafyeka kichaka. Laiti angetokea mtu akapendekeza tung'oe mahindi robo ekari bila fidia, baba angeitisha mkutano wa ukoo.

Watoto wa leo bado hutafuna njiani, kwani utoto haujabadilika. Wanatafuna muwa. Nao muwa, kwa kejeli ya mambo, huliwa bila kupikwa, na ungeweza kudhani kwamba umetimiza masharti ya bango. Lakini maji ya muwa ni sukari, na vitamini C iliyomo ni kidogo mno. Tumebadilisha pera kwa utamu wake tu.

Atakayesema kwamba ukosefu wa matunda ni tatizo la mabaharia wa kale na si la Kenya, ninamwomba atazame pwani kwanza. Mwezi Januari mwaka 1499 Vasco da Gama alitia nanga Malindi akitoka Bara Hindi. Alikuwa amekaa baharini takriban miezi mitatu, na mabaharia wapatao 30 walikuwa wamekwisha kufa kwa kiseyeye: fizi huvimba hadi kufunika meno, miguu huvimba, makovu ya zamani hufunguka upya. Shajara ya safari hiyo inaeleza kwamba nahodha alimtuma mtu nchi kavu akalete machungwa, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wakiyatamani sana. Yaliletwa, lakini kwa wengi wao siku zilikuwa zimekwisha kupita. Ilichukua karibu miaka 250 zaidi, hadi mwaka 1747, ndipo tabibu James Lind alipowagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili ndani ya meli ya Kiingereza na kuonyesha kwamba waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Wagonjwa wa Malindi walikuwa wameujua ukweli huo kwa ndimi zao. (Na kwa kuwa historia nayo ina dhihaka zake, ni Wareno haohao waliotuachia baadaye neno pera na neno nanasi, pamoja na matunda yenyewe kutoka Amerika.)

Kiswahili kina neno kiseyeye tangu zamani, na si neno la makumbusho. Kati ya mwaka 2017 na 2018, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, huko Turkana, vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini walianza kulalamika kwa maumivu ya miguu na kuvimba fizi. Chakula chao kilikuwa kimekosa matunda na mboga kwa muda mrefu. Ulikuwa ugonjwa uleule wa mabaharia, nchi kavu, katika jamhuri yetu, karne ya ishirini na moja. Simaanishi kwamba Kabras imefika huko, maana bado tuna kunde na sagaa. Ninamaanisha kwamba mwili hausomi kalenda.

Baada ya kusema haya yote, sina budi kujitenga na kundi jingine, lile la mijini linalohubiri kwamba kila kitu kiliwe bila kuguswa na moto. Wenye itikadi hiyo wangekuja Kabras wangeua watu. Muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo una sumu ya sayanaidi, na majani yake hali kadhalika. Maharagwe ambayo hayakuchemshwa sawasawa humtapisha mtu. Tunda la kijani la mnavu, lile ambalo ni bichi kwa maana ya senje, lina sumu. Hata zile mboga zetu za kienyeji zinazosifiwa, na ambazo Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta amezitafiti na kuzitetea kwa miaka mingi, si za kutafunwa kama karoti. Sagaa huchemshwa, ikatiwa maziwa, ikalala chunguni hadi uchungu wake utulie. Tena rangi ile ya manjano ya karoti na ya majani mabichi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hupatikana vyema zaidi chakula kikipikwa kidogo na kutiwa mafuta. Richard Wrangham, aliyewachunguza sokwe katika msitu wa Kibale nchini Uganda, aliandika mwaka 2009 kwamba moto wa kupikia ndio uliotufanya binadamu. Na watafiti wa Giessen, Ujerumani, walipowachunguza watu wanaokula vyakula visivyopikwa peke yake, waliripoti mwaka 1999 kwamba takriban asilimia 30 ya wanawake wa chini ya miaka 45 walikuwa na hedhi iliyovurugika au kukatika kabisa. Nyanya zetu hawakuwa wajinga waliposhika mwiko.

Pengine kosa lao lilikuwa moja, nalo ni munyu musherekha, yale maji ya majivu tunayotia mboga ili zilainike na kubaki kijani. Huo huangamiza vitamini C upesi kuliko moto peke yake. Lakini mimi mwenyewe siwezi kula murere usio na musherekha, na sitajifanya ninaweza. Ndiyo maana naona busara iliyokuwa katika mtindo wetu wa zamani, hata kama hakuna aliyeupanga: mboga ilipikwa hadi ikaiva, na upungufu wake ukalipwa na pera la njiani. Zaidi ya hayo, vitamini C ikiingia tumboni pamoja na maharagwe au mboga za majani husaidia madini ya chuma yaliyomo kufyonzwa na mwili. Chai tunayoisukumizia juu ya mlo hufanya kinyume chake. Pera moja baada ya busuma, na chai isubiri saa moja au mbili. Sidhani kama kuna dawa ya bei nafuu kuliko hiyo kwa mama mjamzito anayeambiwa damu yake ni hafifu.

Lipo pia suala la maji, na hapa simlaumu mzazi anayeogopa. Kipindupindu kiliingia Kenya mwaka 1971 na hakijaacha kurudi. Mlipuko ulioanza Oktoba 2022 ni mmojawapo tu. Kachumbari ya kibandani iliyooshwa kwa maji ya mfereji ni hatari kwelikweli, na kabichi iliyomo haiwezi kumtetea mlaji. Tunda lenye ganda, lililochumwa mtini na kuoshwa kwa maji safi, ni salama kuliko hilo. Na neno "kachumbari" lenyewe, tulilopata kwa Wahindi, pamoja na "saladi" tuliyopata kwa Waingereza, yanatuambia kwamba mboga isiyopikwa mezani ni mgeni kwetu. Tunda lililoiva si mgeni. Kwa hiyo anayetaka kutufundisha angeanza na kile tunachokijua.

Wiki moja baadaye nilirudi kwenye ile zahanati nikiwa na karatasi kubwa niliyoiandika kwa wino wa bluu: "Kila siku kula matunda yaliyoiva, bila kuyapika, baada ya kuyaosha kwa maji safi." Muuguzi, kijana mwenye adabu, aliisoma, akatabasamu, akaibandika juu ya ile ya kwanza. Nilijivuna kidogo. Ni mara chache mwanaisimu hupata matokeo siku hiyohiyo.

Nilipomweleza senje, alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza jambo moja tu:

"Hayo yaliyoiva watayaokota wapi?"

Kwake umebaki mpera mmoja, nyuma ya zizi, ambao trekta haiufikii. Jioni hiyo nilimpigia simu kaka yangu, ambaye ndiye mwenye usemi juu ya shamba la baba, nikamwomba mistari miwili ya miwa upande wa barabara ili nipande mipera. Alicheka kama watu wa kwenye benchi. Alinikumbusha kwamba muwa wa kwetu huchukua miezi kumi na minane au zaidi hadi ukatwe, na kwamba mistari miwili kwa urefu ule si ada ndogo ya mtoto. Nilimwambia mpera huanza kuzaa baada ya miaka miwili au mitatu hivi, na kwamba watoto wake wawili hupita barabara ileile kila asubuhi. Alinyamaza. Mwishowe amenipa mstari mmoja, kwa sharti kwamba niuchimbe mwenyewe kabla ya mvua za Machi, na kwamba mapera yakianza kuiva nisije nikalalamika watoto wa jirani wakiyaiba.

Miche ishirini na minne iko kwenye makopo ya maziwa kibarazani kwa senje. Yeye huimwagilia asubuhi, kabla ya kumeza dawa zake.